Jembe la Mgeni: Nyumba na Ardhi katika Nachingwea na Ruangwa

Kwa watu wa Pwani, nyumba ni kitu kimoja na ardhi iliyoibeba nyumba ni kitu kingine. Wakazi wa Ng'ambo ya Unguja hawakuhitaji mwanasheria wa kuwafahamisha hayo mwaka 1928, walipogoma kulipa kodi za viwanja. Nyumba zilikuwa zao. Boriti, fito, udongo na makuti vilipatikana kwa jasho lao, na mtu aliweza kuiuza nyumba yake au kuwaachia wanawe. Lakini ardhi ilikuwa ya bwana mwingine, au ilikuwa wakfu, na bwana huyo alipoona mji unajaa watu alipandisha kodi. Mombasa nako hadi leo wapo watu wenye nyumba bila ardhi, msemo ambao ukipelekwa katika lugha nyingine humshangaza msikilizaji, ilhali kwa Mswahili hauna ajabu yoyote. Hata mashambani ni vivyo hivyo: minazi ina mwenyewe, na mchanga unaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

Desturi hii ya kuutenga ukuta na udongo inafaa ikumbukwe kila linapoulizwa swali ambalo katika miaka hii limekuwa la kawaida: je, raia wa nchi nyingine aweza kuja Tanzania akanunua nyumba? Jibu la mwanasheria ni fupi, nalo litakuja mahali pake. Jibu la historia ni refu zaidi, na pengine hakuna sehemu ya nchi ambako linasomeka wazi kuliko Nachingwea na Ruangwa. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja, zimo katika nchi ya Wamwera, nyuma ya bandari za Lindi na Mtwara. Si mahali ambapo mtu angetarajia kukutana na wageni wengi. Hakuna ufuko wa mchanga mweupe, wala mlima wenye theluji. Hata hivyo wageni walifika, kundi baada ya kundi, kila moja na shauri lake, na kila moja liliikalia ardhi ile kwa namna yake.

Mgeni wa kwanza katika nchi ile alikuwa mume. Wamwera, kama walivyo jirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa kawaida mwanamume aliyeoa alihamia kwa wakweze. Huko alikata miti, akajenga, akafyeka na kulima. Nyumba ilikuwa kazi ya mikono yake, lakini pale palikuwa pa ukoo wa mkewe, na ndoa ikivunjika yeye ndiye aliyefunga mzigo. Alikuwa mkazi mwenye heshima, aliyelisha watu wengi, na bado alikuwa mgeni. Ukitazama vizuri utaona kwamba methali ya Waswahili isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, inaeleza sheria ileile kwa maneno machache. Watu huitumia kumcheka mgeni asiyejua kuondoka. Lakini methali hiyo inampa mgeni jembe, na anayepewa jembe lazima aonyeshwe pa kulima. Haikusema apewe shamba. Haki yake ni ya kutumia, na mwenye kumpa jembe ndiye mwenye kujua litarudi kwa nani.

Wadachi walileta fikra nyingine. Kwa amri ya mwaka 1895 walitangaza kwamba ardhi yote ya koloni lao isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola ya Ujerumani. Na kwa kuwa wao wenyewe ndio waliokuwa waamuzi wa nani ni mwenyewe na nani siye, amri ile iliwapa nchi nzima kasoro vipande. Kutoka katika hazina hiyo waliwauzia walowezi na makampuni mashamba kwa milki ya daima, isiyo na kikomo cha miaka. Mashamba ya mkonge nyuma ya Lindi yalikuwa miongoni mwa matunda ya sera hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mali za Wajerumani zilitwaliwa kama mali za adui na kuuzwa, na wanunuzi wakawa Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Huo ndio wakati ambapo mtu wa nchi ya mbali aliweza kweli, kwa fedha yake, kununua udongo wa Tanganyika pamoja na nyumba iliyo juu yake, akaitwa mwenyewe milele. Dirisha hilo lilikuwa dogo. Ardhi yote ya namna hiyo haikufika hata sehemu moja katika mia ya ardhi ya nchi.

Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, walitunga Sheria ya Ardhi mwaka 1923. Ardhi yote ikaitwa ya umma, ikawekwa chini ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji, na aliyetaka kuitumia alipewa haki ya kuikalia kwa miaka isiyozidi 99. Milki za daima za enzi ya Wajerumani ziliachwa kama zilivyo, lakini mpya hazikutolewa kwa wepesi. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba serikali ya kikoloni ndiyo iliyoandika katika kitabu cha sheria kanuni iliyokaribiana sana na ile ya jembe. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: katika desturi mwenye kutoa jembe alikuwa ukoo unaojulikana kwa majina, katika sheria alikuwa Gavana, mtu aliyekaa Dar es Salaam na kumtii waziri aliyekaa London.

Tofauti hiyo ilionekana kwa ukubwa wake mwaka 1947.

Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa wiki tisa na kurudi na shauri la kulima karanga katika ekari 3,210,000. Mashamba yangekuwa 107, kila moja ekari 30,000. Kati ya hayo 55, yaani zaidi ya nusu, yangekuwa katika Jimbo la Kusini, na makao yake yangekuwa Nachingwea. Kongwa, ambayo ndiyo iliyopata sifa mbaya zaidi katika magazeti ya Uingereza, ilipangiwa mashamba 15 tu. Basi kwa hesabu ya karatasini, moyo wa mradi mzima ulikuwa Nachingwea, na ardhi ya Wamwera ndiyo iliyotarajiwa kupaka siagi mkate wa Mwingereza.

Waliochagua nchi ile waliichagua kwa kuwa waliiona tupu. Neno hilo, tupu, limefanya kazi kubwa katika historia ya Afrika. Nchi yenye mbung'o, yenye watu wachache waliohama kila udongo ulipochoka, ilionekana na mpimaji aliye ndani ya ndege kuwa haina mwenyewe. Yule anayeacha shamba la mwaka jana lipumzike huku akijua atalirudia baada ya miaka kumi hana alama ya kumwonyesha mtu aliye angani.

Shirika la serikali ya Uingereza lililoitwa Overseas Food Corporation lilikabidhiwa mradi mwaka 1948. Likaleta matrekta yaliyobaki vitani, pamoja na vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Likachimba bandari mpya Mtwara yenye kina cha kupokea meli kubwa. Likajenga reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kupanda hadi Nachingwea, iliyoanza kazi mwaka 1949. Na likajenga mji. Kabla ya hapo Nachingwea ilikuwa jina dogo; baada ya miaka miwili ilikuwa na uwanja wa ndege, hospitali, karakana, maduka, na nyumba za wafanyakazi Wazungu waliokuja na wake zao na watoto. Wengi walikuwa askari waliotoka jeshini. Walikuja kutafuta maisha mapya, na wapo waliodhani kwamba wamefika nyumbani.

Hapa inafaa kutua kidogo. Wale watu walikuwa na nini hasa? Nyumba ilikuwa ya shirika. Shirika lilikuwa na haki ya kukalia ardhi, iliyotoka kwa Gavana. Gavana alikuwa mdhamini wa wenyeji, kwa jina walau. Hivyo mke wa fundi wa matrekta aliyepanda maua mbele ya baraza yake kule Nachingwea hakuwa na ukuta wala udongo. Alichokuwa nacho ni ajira ya mumewe. Mume wa Kimwera aliyejenga kwa wakweze alikuwa na zaidi. Naye angalau alijua kwa nani ataomba radhi mambo yakiharibika.

Mambo yaliharibika. Miti ya kusini ilikuwa minene na mizizi yake ilivunja vyuma, mvua haikusoma ratiba, vipuri havikufika. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi kama mradi wa mafuta ya kula na kusamehe deni la pauni zaidi ya milioni 36. Kilichobaki Nachingwea kilipunguzwa kuwa mashamba ya majaribio, na katikati ya miaka ya 1950 kikaangukia mikononi mwa shirika la kilimo la Tanganyika, lililowagawia Waafrika baadhi ya mashamba kama wapangaji. Bandari ya Mtwara ilikamilika wakati karanga za kuipitia zilikuwa zimekwisha kukatiwa tamaa. Reli iliyojengwa kwa gharama kubwa haikupata mzigo wa kutosha. Ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Wageni waliondoka, lakini ardhi haikurudi ilikotoka. Haikurudi kwa ukoo wala kwa mkubwa wa kijiji. Ilipita kutoka shirika moja hadi jingine, kutoka serikali ya Gavana hadi serikali huru, na mashamba yake yakabaki yakiitwa kwa namba zilezile walizoyapa wapimaji. Mahali penye jina la mto au la mzee wa zamani pakaitwa Farm 17. Mtu wa Nachingwea hulitamka jina hilo bila kulifikiri, kama mtu wa Unguja anavyotamka Ng'ambo.

Mwaka 1958, wakati mabaki ya mradi ule yangali yakionekana, serikali ya kikoloni ilipendekeza kwamba Waafrika nao wapewe njia ya kupata milki ya daima. Shauri hilo lilionekana kuwa la ukarimu. Julius Nyerere aliliandikia jibu katika makala aliyoiita Mali ya Taifa, na hoja yake yafaa kukumbukwa na kila anayezungumzia wanunuzi wa kigeni. Katika nchi ambayo wenyeji ni maskini na wageni ndio wenye fedha, alisema, ukiifanya ardhi bidhaa ya sokoni, maskini watauza. Na baada ya miaka themanini au mia moja nchi yote itakuwa ya wageni matajiri, wenyeji wakiwa wapangaji wao. Alitaka mtu amiliki alichokifanya kwa jasho lake, yaani nyumba, kisima, mazao, maboresho; ardhi yenyewe, ambayo hakuna aliyeiumba, iwe ya taifa. Msomaji wa Pwani ataitambua mara moja hoja hii. Ni ukuta na udongo tena, safari hii katika kinywa cha mwanasiasa.

Baada ya uhuru hoja ikawa sheria. Mwaka 1963 milki zote za daima zilibadilishwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi kama zilivyo nyingine. Wale waliokuwa wamenunua milele wakajikuta na muda. Aprili 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na hapo hata ukuta haukusalimika. Nyumba iliyozidi miaka kumi haikulipiwa fidia, na walioumia zaidi walikuwa familia za Kihindi ambazo nyingi zilizaliwa papa hapa. Unguja ilikuwa imetangulia: baada ya Mapinduzi ya 1964, amri ya mwaka 1965 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu.

Wakati huohuo, Nachingwea ilikuwa na wageni wapya, na hawa hawakununua kitu. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ilikuwa imeanza mafunzo ya kijeshi Bagamoyo na Kongwa. Kongwa, kama ilivyokwisha kutajwa, ilikuwa nayo mji wa karanga. Kisha kuanzia mwaka 1965 kambi yake kuu ya mafunzo ikawa Nachingwea, pale Farm 17. Samora Machel aliiongoza, na wengi walioitawala Msumbiji baadaye walipitia hapo. Majengo na uwanda uliofyekwa kwa ajili ya siagi ya London vikawa shule ya vita dhidi ya Wareno. Mbali na bunduki wapiganaji walishika majembe, wakalima chakula chao wenyewe, na pale kambini walifundishwa kwamba askari asiyelima hula jasho la mwananchi. Kama kuna mahali ambapo methali ya siku ya tatu ilitekelezwa neno kwa neno, ni hapo.

Nyuma ya wapiganaji walikuja wakimbizi. Mto Ruvuma haukuwahi kuwatenga Wamakonde na Wamakua wa pande mbili kama ramani inavyodai, na wengi walivuka wakakaa kwa ndugu zao bila kuandikwa popote. Wengine waliwekwa katika makazi rasmi, kama Rutamba katika Lindi na Matekwe katika Nachingwea, wakapewa viwanja na mashamba ya kulima. Walijenga, walipanda mikorosho na mihogo, walizaa. Lakini mkorosho huishi kuliko hadhi ya ukimbizi, na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu. Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma kuanza safari ya kwenda Maputo, na tarehe 25 Juni bendera ya Msumbiji ikapandishwa. Wengi walirudi kwao. Nyumba walizoziacha hazikuuzwa, kwa sababu kisheria hapakuwa na cha kuuza. Nani aliingia, nani aliokota korosho za msimu uliofuata, hayo yalimalizwa na majirani.

Wenyeji nao, katika miaka hiyohiyo, walionja ugeni katika nchi yao. Kusini, kwa sababu ya vita vya mpakani na kwa sababu ya siasa, watu walihamishwa mapema na kwa wingi kuingia vijiji vya ujamaa. Mmwera aliyehamishwa alipewa kiwanja kijiji kipya, akaiacha mikorosho aliyoipanda yeye au mjomba wake katika mahame, saa kadhaa za kutembea. Zao la korosho la nchi nzima, lililofika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, lilianguka hadi kiasi cha tani 17,000 katika msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, bei na ugonjwa wa ubwiriunga zikiwemo, lakini umbali kati ya mtu na mti wake ulikuwa mojawapo. Hoja ya Nyerere ilikuwa imemlinda mkulima asipokonywe ardhi na tajiri wa kigeni. Haikumlinda na mdhamini mwenyewe.

Sheria zilizopo sasa zilitungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Mei 2001: Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5. Hapa ndipo penye jibu fupi la mwanasheria. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Asiye raia hapewi ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Na hata hapo anachopewa ni haki iliyotokana na haki ya mwingine, yaani mamlaka ya uwekezaji hubaki na hati, naye hupewa matumizi kwa muda. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni huhesabiwa kuwa mgeni. Muda ukiisha, ardhi hurudi kwa mamlaka iliyoitoa. Kwa hiyo mtu wa Ulaya au wa Ghuba atakayefika Nachingwea mjini, akapenda nyumba yenye mwembe, akakubaliana bei na mwenyewe, hawezi kuandikishwa kuwa mwenye kiwanja kile kwa ajili ya kukaa tu. Wapo wanaotumia jina la rafiki au la mke raia. Sheria haiwajui, na siku urafiki ukiisha hawana pa kushtaki. Katika Visiwa vya Zanzibar mlango umefunguliwa zaidi, kwani tangu miaka ya 2010 wageni wamekuwa wakinunua makazi katika miradi maalumu kama ule wa Fumba. Lakini huko nako wanachonunua ni fleti na muda, na udongo unabaki wa serikali. Kuna hata watoto wa nchi waliochukua uraia wa ng'ambo, ambao kwa sheria hii ilivyotungwa mwaka 1999 walihesabiwa kuwa wageni kama wengine. Muswada uliopelekwa bungeni mwaka 2024 ulikusudia kuwapa hadhi maalumu itakayowapunguzia ugeni huo.

Ruangwa imeijaribu sheria hii kwa namna yake, kwa sababu chini ya ardhi yake kuna kinywe, madini meusi yatumiwayo katika betri za magari ya umeme. Makampuni yenye asili ya Australia yamefanya utafiti na kuchukua leseni huko Matambalale na Chilalo. Leseni ya madini si hati ya ardhi. Anayemiliki leseni lazima aafikiane na wenye mashamba na kuwalipa fidia ya nyumba, mazao na miti kabla hawajahama. Kama kampuni inataka kuikalia ardhi ya kijiji chenyewe, sharti kwanza ardhi hiyo ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla. Kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano. Ni utaratibu mzuri kuliko wa mwaka 1947, wakati hakuna mkutano uliombwa kitu. Lakini una tundu lilelile. Ardhi ikishatoka kijijini, muda wa mwekezaji ukiisha, hurudi kwa mamlaka iliyoshika hati. Hakuna kifungu kinachoirudisha kijijini yenyewe kwa yenyewe.

Nachingwea kwa upande wake ina kilima cha Ntaka, chenye nikeli. Kampuni zilizokuwa na leseni ya kukihifadhi kilima hicho zilipoteza haki hiyo baada ya marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni za 2018, yaliyofuta leseni za aina ile zote. Zikaenda kushtaki katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, kilichopo Washington. Mojawapo iliandikishwa Uingereza kwa jina la Nachingwea U.K. Limited, na ndilo jina lililobebwa na kesi. Julai 2023 waamuzi waliiamuru Tanzania ilipe dola milioni 109.5, na mwaka 2024 pande mbili zikasuluhishana kwa dola milioni 90. Hakuna mgodi uliokuwa umejengwa. Kilichopotea, na kilicholipiwa, kilikuwa haki ya mgeni yenye muda, iliyoandikwa katika karatasi na kulindwa na mkataba wa nchi mbili.

Mwanakijiji naye ana karatasi yake siku hizi. Ni hati ya hakimiliki ya kimila, hutolewa na halmashauri ya kijiji, na kwa raia yaweza kuandikwa bila kikomo cha miaka. Ni jambo ambalo hakuna mgeni awezaye kulipata Tanzania kwa bei yoyote. Hati hiyo huonyesha mipaka kwa kutaja majirani na, kila palipo na mti mkubwa, mti. Ardhi yake ikihamishwa kwa ajili ya mradi hulipwa fidia, na mkataba huishia hapo. Pale Farm 17 jina bado ni namba.